Mvua za masika zimeanza, nina mtoto wa miaka miwili kwenye chumba na sebule. Mnafanyaje na watoto wenu?

MamaK wa Tabata (Jumanne, saa 3:10 usiku)

Habari za usiku wakuu.

Naombeni mawazo, hasa wenye watoto wadogo. Kijana wangu ana miaka miwili na miezi minne. Siku za jua sina shida naye: saa mbili asubuhi yuko uani na wenzake, anasukuma tairi, anafukuza kuku, saa sita anarudi amechoka, anakula, analala. Tangu mvua zianze wiki iliyopita uani hapaendeki. Maji yamesimama mpaka kizingitini, na mnajua maji ya mitaa yetu kipindi hiki yanabeba nini. Kuna watu wakiona wingu tu wanatapisha vyoo.

Kwa hiyo tumefungiwa ndani, mimi, yeye na mdogo wake wa miezi mitatu. Makochi mawili, kabati, friji, televisheni. Mvua ikipiga bati hamsikilizani, na mtoto anapiga kelele kushindana nayo. Jana kapanda mkono wa kochi, kashika nondo za dirisha, kaning'inia. Kamwaga kopo zima la unga wa lishe. Kamwamsha mdogo wake mara nne. Ilipofika saa tisa alasiri nikampiga kofi la mkono, halafu nikakaa chini nikalia naye. Sikupenda nilichofanya na sitaki kukirudia.

Katuni za simu anaangalia, ila nikizima anagaagaa chini. Na umeme wenyewe mvua ikianza tu, unakatika.

Hela ya midoli ya dukani sina. Baba yake anatoka alfajiri, anarudi usiku. Naomba mtu aniambie alichokifanya yeye mwenyewe, kwenye nyumba ndogo, kikamsaidia.

Baba Pacha (Jumanne, saa 3:41 usiku)

Pole sana dada, na hongera kwa mtoto mchanga. Nina pacha wa kiume, miaka mitatu kasoro. Masika ya mwaka jana niliumia mguu kazini nikakaa nao nyumbani wiki sita, kwa hiyo haya nimeyafanya kwa mikono yangu.

Nilianza kwa kukosea. Asubuhi nawapa karatasi na penseli ili watulie, dakika tatu wameshachana karatasi na wanapigana penseli. Nikaja kuona kwamba mtoto akiamka ana nguvu ya siku nzima mwilini, na usipomtafutia pa kuitolea atapatafuta mwenyewe. Huyo wako kapata nondo za dirisha.

Basi ikifika saa mbili, kabla ya kitu chochote, tunatoka jasho. Natandika godoro sakafuni, mito ya makochi naipanga mbalimbali kama mawe ya kuvukia mto. Chini ni maji, yana mamba. Wanaruka kutoka mto hadi mto. Wakizoea nasogeza mito mbali kidogo.

Halafu inakuja kanga. Chukua kanga kuukuu, mkalishe mtoto katikati, mwambie ashike pindo huku na huku, wewe shika ncha mbili umburute. Sakafu ya saruji iliyosiribwa vizuri inateleza, marumaru ndiyo zaidi. Mkifika jikoni mnabadilishana: sasa yeye ndiye gari. Weka juu ya kanga dumu la lita tatu lenye maji, au mfuko wa mchele, avute mpaka mlangoni, arudi. Wangu wakikimbia tu bila kazi wanazidi kupanda wazimu, lakini wakivuta na kusukuma vitu vizito dakika kumi, wanakaa chini wenyewe, wanahema, wanaomba maji ya kunywa. Hapo hata karatasi na penseli vinaeleweka.

Tunamalizia na nyama-nyama ile ya utotoni. Ukitaja mnyama anayeliwa wanaruka, asiyeliwa wanatulia. Watoto wa umri huu wanaruka kwa kila mnyama, hata ukisema chura. Waache waruke tu.

Kijana wa Mjini (Jumanne, saa 3:58 usiku)

Kwa mama mwenye kichanga mimi sioni kosa kuwasha katuni siku nzima mpaka mvua zipite. Wangu alilelewa hivyo na yuko salama.

Nesi Mstaafu (Jumanne, saa 4:20 usiku)

Simlaumu anayefanya hivyo. Mama mwenye kichanga naye ana mwili, anachoka. Ila tuseme na kilichopo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto wa mwaka 1 haifai akalishwe mbele ya kioo cha simu au televisheni. Wa miaka 2 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ndiyo bora. Mwongozo huohuo unataka mtoto wa mwaka 1 hadi 2 ajongeshe mwili angalau dakika 180 kwa siku, zikigawanywa kutwa nzima, na alale saa 11 hadi 14 pamoja na usingizi wa mchana.

MamaK, hebu piga hesabu. Saa tatu za kujongea! Siku ya jua anazipata uani wewe hata hujui. Siku ya mvua umemkata saa tatu, halafu unashangaa kapanda dirishani. Mtoto huyo ni mzima kabisa.

Ile saa moja ya katuni usiitumie asubuhi akiwa na nguvu zake. Itunze kwa wakati ule mgumu kuliko yote, pengine unapomwogesha mdogo wake au unapoinjika ugali. Kabla hujawasha, kubalianeni: vipindi viwili. Vikiisha, yeye ndiye abonyeze kuzima, na muwe na jambo la kwenda kufanya palepale. Kilio kinatokea pale unapozima halafu hakuna kinachofuata.

Na hilo la kofi, mwanangu, umeshalisema na umeshalijutia. Siku nyingine ukiona mkono unanyanyuka, mlaze mchanga mahali salama, huyu mkubwa mwache kwenye godoro, wewe simama mlangoni uangalie mvua mpaka umehesabu pumzi ishirini. Hawatadhurika kwa dakika moja hiyo.

Bibi wa Pangani (Jumatano, saa 12:35 asubuhi)

MamaK mwanangu, hujambo? Wajukuu hawajambo?

Nimesoma hapa tangu alfajiri. Baba Pacha kasema kweli tupu, nami naongeza langu. Nimelea saba wa tumboni mwangu na sasa wajukuu, nyumba ya makuti, mvua za Pangani, wala sikuwa na mdoli hata mmoja. Mtoto wa miaka miwili hataki mchezo kama unavyodhani. Anataka kazi. Anakuona wewe kutwa unaosha, unafua, unapika, na yeye anaambiwa "toka hapo, utaungua, utamwaga." Atakaa na nani basi?

Mpe kazi ya kweli. Viazi kumi na beseni lenye maji ya kiganja kimoja, aoshe. Vikombe vya plastiki, aoshe, hata kama umeshaviosha. Nguo zikitoka kamba ya ndani, soksi zote mpe yeye, atafute mwenzake wa kila moja. Atakuletea ya baba na ya mdogo wake akisema ni pacha, mshukuru. Mpe ungo na mchele konzi moja apete. Utamwagika, ndiyo, tandika mkeka chini, ukimaliza mnazoa wote. Mpe maharage achambue, ya rangi huku na meupe huku.

Na siku ya chapati, hiyo ni asubuhi nzima. Mjukuu wangu wa kike, mwaka wa tatu huu, ana kibao chake, kifuniko cha ndoo nimekigeuza. Kisukumio chake ni chupa ya soda. Nampa kidonge chake cha unga. Atakisukuma, atakikunja, atakikalia, kitaanguka, atakiokota. Mwisho kinakuwa cheusi kama udongo na kigumu kama kwato. Nakichoma hivyohivyo kwenye kikaango, mwisho kabisa, tunakiweka kwenye kawa peke yake. Jioni babu yake akirudi anaambiwa, "Hii ya kwako, kapika fulani." Siku hiyo mtoto hakugusa dirisha wala mlango.

Mama Wawili (Jumatano, saa 2:15 asubuhi)

Shikamoo bibi. Nakubaliana na yote, ila kwenye maharage naomba niweke neno, kwa sababu yalinikuta.

Mwaka juzi siku kama hizi nilimpa binti yangu maharage achambue, alikuwa na miaka miwili na nusu. Nikaenda kuepua chungu, sikukaa hata dakika mbili. Kurudi, ananiambia "mama, imelala." Nini imelala? Ananionyesha pua. Alikuwa ameliingiza harage tundu la kulia, likaenda juu. Mimi kwa kiherehere nikachukua kichokoo cha pua nikataka kulitoa, nikalisukuma ndani zaidi. Mvua inanyesha, barabara imejaa maji, bodaboda hakuna. Tulitembea chini ya mwavuli mpaka zahanati.

Nesi pale hakuchukua chombo chochote. Akaniambia nimlaze mapajani, nizibe kwa kidole lile tundu lililo wazi, niweke mdomo wangu juu ya mdomo wake kama ninambusu, nipulize mara moja kwa nguvu, pumzi fupi. Mara ya kwanza hamna kitu. Mara ya pili harage likaruka likanigonga shavuni, limeshaanza kuvimba kwa unyevu. Akanikanya nisichokonoe tena pua ya mtoto kwa kitu chochote. Na akasema, ikiwa ni betri ndogo ya saa au ya mdoli, usihangaike na lolote nyumbani, kimbia hospitali muda huohuo, maana ile inaunguza nyama ya ndani kwa saa chache tu.

Kwa hiyo mimi maharage, karanga, punje za mahindi na gololi havichezewi nyumbani kwangu mpaka wapite miaka mitatu, na hata hapo niwe nimekaa naye. Badala yake natumia vifuniko vikubwa vya ndoo ndogo za siagi, vibanio vya nguo na magunzi.

Bibi wa Pangani (Jumatano, saa 2:40 asubuhi)

Marahaba mwanangu. Hilo nimelipokea. Sisi tulikuwa tunakaa nao kuchambua, hatukunyanyuka, lakini mama aliye peke yake na kichanga hawezi hivyo. MamaK, acha maharage, chukua viazi na soksi.

Mlezi wa Kituo (Jumatano, saa 7:50 mchana)

Nafanya kazi kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, chumba kimoja, watoto kumi na watano wa kati ya miaka miwili na mitatu. Siku za mvua sisi hatuna uani, kwa hiyo tumelazimika kujua.

Kwanza, usimtarajie mtoto wa miaka miwili akae na kitu kimoja nusu saa. Dakika tano ni nzuri, dakika kumi ni sherehe. Unachotakiwa kujua ni kipi kinafuata. Sisi tunakwenda kwa zamu, cha kelele kisha cha kimya, cha kelele kisha cha kimya. Kuruka, halafu maji. Kucheza ngoma ya sufuria na mwiko, halafu kibanda.

Kibanda ni kanga mbili juu ya viti viwili, mnaingia chini na tochi. Ukiwa humo mwoneshe kanga yenyewe kwa mwanga, kuanzia pindo. Kanga nyingi zina korosho. "Korosho iko wapi? Na nyingine?" Watoto wangu wana uwezo wa kutafuta korosho mpaka kanga iishe, halafu wanaomba kanga nyingine. Wanajifunza kuhesabu bila kufundishwa. Mvua ikipiga bati na hamsikilizani, humo chini ya kanga hata kunong'ona kunasikika, na mtoto aliyekuwa anapiga kelele anaanza kunong'ona.

Pili, usimwachie vitu vyote vya kuchezea kwa pamoja. Gawa mafungu matatu kwenye maboksi. Fungu moja liko nje, mawili yako juu ya kabati. Baada ya siku tatu badilisha. Kopo lilelile alilolitupa Jumatatu, Alhamisi analipokea kama limetoka dukani.

Maji yanatuliza kuliko kitu chochote ninachokijua. Beseni pana, maji kidogo, sponji moja, vikombe viwili. Ahamishe maji kwa kukamua sponji kutoka chombo hadi chombo. Vua nguo zote, mwache na chupi. Usiondoke hapo hata simu ikiita.

Mama Ghorofani, Nairobi (Jumatano, saa 2:05 usiku)

Hamjambo nyote. Sisi tuko orofa ya nne, na shida yetu ni jirani wa chini: mtoto akiruka, anagonga dari kwa ufagio. Nilimwendea na sahani ya chapati, tukazungumza. Tukakubaliana saa tatu hadi saa nne asubuhi mtoto aruke, baada ya hapo ni michezo ya kukaa. Tangu hapo hajagonga. Aliniambia kilichomsumbua ni kutojua kelele zitaisha lini.

Jambo jingine lililonifaa ni katoni kubwa la friji kutoka duka la pale chini, wanalitupa tu. Lilikuwa matatu wiki ya kwanza, nyumba wiki ya pili, na sasa limelala sakafuni anachora juu yake kwa mkaa. Pia tumeungana wamama watatu wa orofa moja, kila siku mmoja anawachukua watoto wote kwa saa mbili. Watatu pamoja wanashughulikiana, na wewe unapata kulala na huyo mchanga.

Mtanga wa Bergen (Jumatano, saa 4:30 usiku)

Nawasalimu kutoka Norwei. Mji ninaoishi unapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, takriban mara mbili ya Dar. Nilipofika nilishtuka: chekechea ya mwanangu wanawatoa nje kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Wanawavika suruali na koti la mpira na mabuti, wanarudi wamelowa matope na mashavu mekundu. Nilidhani mwanangu atakufa kwa kikohozi. Hakupata cha ajabu. Kwa hiyo MamaK, kwa nini usimtoe nje?

Bibi wa Pangani (Jumatano, saa 4:44 usiku)

Mtoto mdogo mvuani? Atapata baridi ya kifua huyo. Huko kwenu mna makoti ya mpira, huku atatoka na fulana.

Nesi Mstaafu (Jumatano, saa 5:02 usiku)

Nyote mna lenu la kweli. Nimonia inaletwa na vijidudu, haiteremki na tone la mvua. Mtoto mzima akicheza dakika kumi na tano kwenye mvua nyepesi ya joto la Dar, akirudi akafutwa, akavikwa nguo kavu na kupewa uji wa moto, hana neno. Mwenye homa au kikohozi abaki ndani. Na radi zikianza kupiga, wote ndani.

Ila Bergen si Tabata. Mvua inayotoka juu haina shida, shida ni maji yaliyosimama chini. MamaK kasema mwenyewe watu wanatapisha vyoo. Kwenye maji hayo mtoto asitie hata unyayo, maana kipindupindu na kuhara vinapita humo. Kama una kibaraza kilichoinuka, msimamishe hapo akinge mvua kwa mikono na kikombe, basi.

Na kwa kuwa tuko kwenye siku za mvua, mambo mawili nimeyaona kazini na sitaki kuyaona tena. Moja ni ndoo na mapipa ya kukinga maji kwenye mapaa. Mtoto wa umri huu ana kichwa kizito, akiinama akitumbukia hawezi kujinyanyua, na maji machache tu kwenye ndoo yanatosha kumzamisha, tena kimyakimya. Funika, au inua juu asipofika. La pili ni jiko la mkaa. Mvua ikinyesha watu wanaliingiza ndani na kufunga milango kwa sababu ya baridi. Gesi yake haina harufu wala moshi, inalaza watu wasiamke. Pikia kibarazani, au mlango na dirisha viwe wazi kabisa, na usiku lisibaki ndani hata kama limebaki majivu ya moto.

MamaK wa Tabata (Jumamosi, saa 2:20 usiku)

Wakuu, nimerudi. Ahsanteni wote, sikutegemea watu watakaa chini kuniandikia hivi.

Alhamisi nilianza na kanga ya Baba Pacha. Nilipoweka dumu la lita tatu akalivuta mara sita kutoka mlangoni hadi kwenye friji, akiwa ametoa ulimi nje kwa bidii. Mara ya saba akakaa juu ya dumu akasema "basi." Huyu mtoto sijawahi kumsikia akisema basi.

Ijumaa hakukwenda vizuri. Mchanga aliamka na homa ya chanjo, mkubwa akakataa kibanda, akakataa viazi, akataka mgongoni tu. Nikambeba yeye mgongoni na mdogo mbele, nikatembea humo ndani mpaka kiuno kikauma. Katuni ziliwashwa saa moja na nusu. Nimelisema ili mwingine aliyekwama naye ajue.

Leo imenyesha tangu alfajiri, na leo ndiyo nilipika chapati. Kifuniko cha ndoo nilikigeuza, chupa nikampa. Alisukuma kidonge chake tangu saa nne mpaka saa tano na robo, nimeangalia saa. Kila mara ananiambia "mama, ona mviringo," na hakikuwa mviringo hata kidogo, kilikuwa na umbo la Ziwa Tanganyika. Mdogo wake alikuwa amelazwa kwenye mkeka pembeni anamwangalia, na huyu akawa anampulizia unga kidogo kidogo usoni ili acheke. Ndoo zangu mbili za nje nimezifunika kwa bati na tofali. Saa saba akalala bila kubembelezwa, unga umekauka kwenye nyusi.

Bibi wa Pangani (Jumamosi, saa 2:31 usiku)

Mwanangu umenifurahisha. Sasa hiyo chapati yake, baba yake kaila?

MamaK wa Tabata (Jumamosi, saa 3:05 usiku)

Amerudi sasa hivi bibi, amelowa chapachapa. Kaila yote na mchuzi wa dagaa, mtoto amesimama mbele yake anahesabu matonge.